Nani Anaitikia? Uhakiki wa Dai la Kufifia kwa Muziki wa Nyumbani Tanzania, kwa Mtazamo wa Karatu na Ngorongoro

IKISIRI

Makala haya yanahakiki dai kwamba muziki wa nyumbani nchini Tanzania unafifia. Kwa kawaida dai hilo hujengwa juu ya kile kinachorekodiwa na kutangazwa kutoka Dar es Salaam: bendi za dansi zilizopungua, na Bongo Fleva inayoazima midundo ya Nigeria na Afrika Kusini. Makala yanalipima dai hilo kutoka wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako slufay ya Wairaqw, nyimbo za Wamaasai na epeme ya Wahadzabe hazikuwahi kupewa nafasi kubwa katika muziki uliotambuliwa kuwa wa taifa. Hoja kuu ni kwamba asili ya mdundo na wingi wa nyimbo ni vipimo dhaifu vya uhai wa muziki. Kipimo kinachopendekezwa ni mwitikiaji: mtu anayejua pa kujibu, namna ya kujibu na sababu ya kujibu. Kwa kipimo hicho, upungufu upo, lakini haupo pale unapolalamikiwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Malalamiko kuhusu kufifia kwa muziki wa nyumbani yamezoeleka mno katika mazungumzo ya Watanzania, kiasi cha kuweza kuhesabiwa kuwa utanzu unaojitegemea. Wapenzi wa dansi huilaumu Bongo Fleva. Waliokua na Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 huwalaumu vijana wanaoimba juu ya amapiano. Katika miaka ya karibuni umesikika pia mjadala wa kutafuta “mdundo wa taifa”, kana kwamba mdundo huo ulipotea mahali fulani na kinachohitajika ni kuuokota.

Malalamiko haya si mapya. Ranger (1975), katika utafiti wake wa beni, anaonesha jinsi ngoma hiyo, iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi za wakoloni, ilivyopata washutumu wengi katika zama zake. Leo mtafiti wa utamaduni wa pwani huitaja beni kama sehemu ya urithi. Uzoefu huo unatosha kututahadharisha: kuazima peke yake hakuthibitishi kufa. Kinachoitwa cha kigeni na kizazi kimoja huweza kuwa cha nyumbani kwa kizazi kinachofuata.

Hata hivyo, makala haya hayakusudii kuyapuuza malalamiko hayo kwa kuyaita hisia za wazee. Yapo mambo yanayopungua, na upungufu wake una gharama. Swali ni je, tunakitambua kwa usahihi kinachopungua? Ili kulijibu, makala yanatoka Dar es Salaam, ambako mjadala huu umezoea kukaa, na kupanda hadi nyanda za juu za Karatu, kreta ya Ngorongoro na bonde la Ziwa Eyasi.

2.0 Sikio la Taifa na Mipaka Yake

Mnamo Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alihoji ni wangapi miongoni mwa wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha ambao waliweza pia kucheza gombe sugu, kiduo au lelemama. Swali hilo limenukuliwa mara nyingi na wahakiki, na ni sahihi kuliona kama mwanzo rasmi wa mjadala wa muziki wa nyumbani. Jambo ambalo halijadiliwi sana ni orodha yenyewe. Ngoma alizozitaja hazikuwa za Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga wala Wahadzabe. Hatuna sababu ya kumlaumu msemaji kwa hilo, kwa kuwa hotuba haiwezi kutaja kila ngoma. Lakini orodha hiyo inaashiria upande ambao sikio la taifa lilielekea.

Mwelekeo huo uliendelea. Bendi zilizokuja kuhesabiwa kuwa sauti ya Tanzania, kama vile NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, ziliimba kwa Kiswahili, zikarekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zikaipa mitindo yao majina yaliyotokana na ngoma za jadi za pwani: msondo na sikinde. Kwa hiyo, hata pale dansi ilipochota kwa makusudi katika jadi, kisima chake kilikuwa karibu na jiji.

Wakati huohuo, sehemu nyingine za jadi zilichukuliwa kuwa kikwazo. Mwaka 1968 serikali iliendesha katika mkoa wa Arusha kampeni ya kuwataka Wamaasai kuacha mavazi yao ya asili na kujipaka ngeu wanapokuwa hadharani. Kampeni hiyo haikuwa ya muziki, lakini inahusiana moja kwa moja na muziki. Wimbo wa morani hautengani na mwili unaouimba: shuka, shanga, ngeu na mruko ni sehemu ya utendaji. Taifa lililohimiza watu kurudi kwenye ngoma zao ndilo lililowataka baadhi yao kubadili mwili unaocheza ngoma hizo.

Askew (2002) ameonesha kwamba taifa nchini Tanzania haliamriwi tu kutoka juu. Huundwa na kujadiliwa upya katika utendaji wenyewe, pale mtazamaji anapoinuka na kumtunza mwimbaji wa taarabu au anapokataa kuinuka. Makala haya yanakubaliana na hoja hiyo na kuongeza swali: je, ni akina nani walioalikwa ukumbini? Radio ya taifa ilitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, na hata baada ya redio binafsi kuruhusiwa mwaka 1993, kanuni za utangazaji ziliendelea kuzitambua lugha hizohizo mbili. Sera hiyo ilijenga umoja ambao wengi, akiwamo mwandishi wa makala haya, wamenufaika nao. Pamoja na hayo, ilisababisha muziki wa Kiiraqw, Kimaa, Kidatoga na Kihadza uishi nje ya kipimo kilichotumika baadaye kutangaza kwamba muziki wa nyumbani umekufa. Kile ambacho hakikuwahi kuhesabiwa hakiwezi kuonekana kinapopungua.

3.0 Slufay na Kosa la Mnukuzi

Slufay ni utungo wa Wairaqw ulio kati ya ushairi na sala. Kwa kawaida hutolewa na mzee mwenye kipawa cha kauli mwishoni mwa mkutano au baada ya wazee kunywa pombe pamoja. Msemaji huipitisha jamii yake katika ardhi yake kwa maneno: anataja watu, mifugo, mvua na mashamba, anaomba baraka kwa Looa, na kuyafukuza mabaya nje ya mipaka. Thornton (1980) ameonesha jinsi fikra ya Wairaqw kuhusu ardhi na mpaka inavyojengeka katika ibada na kauli za aina hii. Beck na Mous (2014) nao wameichunguza slufay kwa kuzingatia nguvu ya sauti ndani yake.

Nguvu hiyo si ya mtu mmoja. Wakati mzee anaposema, waliomzunguka huitikia kwa sauti za pamoja, kipande baada ya kipande. Mwitiko ndio unaompa nafasi ya kuvuta pumzi, ndio unaompa mwendo, na ndio unaoligeuza ombi lake kuwa ombi la wote. Mzee asiyeitikiwa amesema tu. Hajatoa slufay.

Hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililozaa hoja ya makala haya. Katika hatua ya awali ya utafiti niliirekodi slufay moja wilayani Karatu nikiwa nimekiweka kinasa sauti karibu na kinywa cha mzee. Nilipoinukuu niliandika maneno yake kwa uangalifu, mstari kwa mstari, na pale sauti za wengine zilipoingia niliandika ndani ya mabano “sauti za hadhira”. Katika nakala ya pili niliyafuta hata mabano hayo ili ukurasa uwe safi. Niliporudi kumsomea mzee nakala ile kwa msaada wa mkalimani, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza waliomwitikia wamekwenda wapi.

Kosa hilo halikuwa la kifundi tu. Lilitokana na istilahi tulizofundishwa. Katika nadharia ya fasihi simulizi kwa Kiswahili tunamtenga fanani na hadhira. Tunakiri kwamba hadhira hushiriki, lakini uchambuzi wetu humfuata fanani: maudhui yake, tamathali zake, ustadi wake. Mwitikiaji huwekwa chini ya kichwa cha “muktadha”, pamoja na mahali na wakati. Katika slufay, mwitikiaji ni mtunzi mwenza. Kumweka katika muktadha ni sawa na kuandika maelezo ya mazungumzo kwa kunukuu upande mmoja.

Kosa hilohilo ndilo linalofanywa na dai la kufifia kwa muziki wa nyumbani. Dai hilo huhesabu mafanani. Huuliza waimbaji wangapi wamebaki, bendi ngapi zimevunjika, nani atarithi kiti cha gwiji fulani. Halihesabu waitikiaji.

4.0 Olaranyani Mchana, Epeme Usiku

Muundo wa nyimbo za Wamaasai unalithibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Wimbo huongozwa na olaranyani, ambaye mara nyingi huchaguliwa kwa kuwa ndiye anayeumudu vyema wimbo husika. Yeye hutoa namba, yaani mwito wa kuufungua wimbo, na kundi huupokea kwa sauti moja. Kuanzia hapo ubeti wake hupita juu ya msingi wa sauti nzito za koo zinazorudiwarudiwa. Hakuna ngoma ya kuwamba. Pembe ya tandala hupulizwa katika sherehe maalumu kama eunoto, lakini mdundo wa kila siku ni pumzi za waitikiaji. Ukiwaondoa, hakuna ala itakayoziba pengo.

Kando ya barabara iendayo Serengeti, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, zipo boma za utamaduni ambako watalii hulipa kiingilio, hupokewa kwa wimbo, hualikwa kuruka pamoja na morani, na kununua shanga. Ni rahisi kwa mhakiki kulidharau tukio hili, lakini dharau hiyo haina msingi. Fedha hiyo ni ya kweli, na katika eneo ambako kilimo kimezuiwa na malisho yamewekewa mipaka, si haki kumwambia mama anayeuza shanga kwamba anaharibu jadi.

Uhakiki unaofaa ni kuuliza nani anaitikia. Mtalii huruka, hucheka na hupiga picha, lakini hajui namba, hajui wimbo huu huimbwa kwa tukio gani, na hajui kwamba kauli fulani inamsifu au inamkejeli mtu wa rika fulani. Kwa hiyo waimbaji hugawana kazi zote mbili: wanaimba na wanajiitikia, mbele ya mtazamaji. Wimbo hubaki na umbo lake lote huku ukipungukiwa na mtu ambaye uliumbwa kumwendea. Mtu anayepima uhai wa muziki kwa wingi wa maonesho angesema kwamba muziki wa Wamaasai haujawahi kustawi kama leo, kwa kuwa huimbwa kila siku ya msimu, mara kadhaa kwa siku.

Epeme ya Wahadzabe, katika eneo la Ziwa Eyasi, inaupeleka utofauti huu mbali zaidi. Hufanyika usiku usio na mbalamwezi, mioto ikiwa imezimwa. Wanaume hucheza mmoja baada ya mwingine gizani, njuga zikilia miguuni, na wanawake huimba na kuwajibu. Ni ibada isiyokusudiwa kuonwa. Kinyume chake, ziara za kitalii huwafikia Wahadzabe asubuhi, kwa magari yanayotoka Karatu, na ndani ya saa chache wageni huoneshwa uwindaji, uwashaji moto na uchezaji. Kinachoonwa asubuhi si epeme, na hilo ni jambo la heri. Jamii ya watu wapatao elfu moja na kitu imefaulu kutenga kinachouzwa na kisichouzwa kwa kutumia giza. Epeme itakuwa hai maadamu wapo wanawake wanaojua kumjibu mchezaji wasiyemwona. Hakuna takwimu ya tasnia ya muziki inayoweza kulionesha hilo.

Kipimo hiki kinatusaidia pia kuyatazama masuala yanayodhaniwa kuwa mbali na muziki. Tangu Juni 2022, serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali imelieleza zoezi hilo kuwa la hiari, ilhali wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wamelipinga. Makala haya hayana uwezo wa kuamua mgogoro huo. Yanachoweza kusema ni kwamba katika orodha za mali zinazohesabika, yaani nyumba, mifugo na ekari, mwitikiaji hana safu yake. Familia ikigawanyika, wengine wakabaki Endulen na wengine wakaenda Handeni, olaranyani anaweza kuondoka na nyimbo zote kichwani na bado akafika bila wimbo.

5.0 Studio na Kiitikio Kisicho na Mwitikiaji

Kwa kipimo hiki tunaweza kurudi kwenye muziki unaolalamikiwa. Lugha ya Kiswahili ina neno kiitikio, na neno hilo lina mtu ndani yake. Katika dansi, kiitikio kiliimbwa na wenzake mwimbaji waliosimama naye jukwaani, na wacheza dansi ukumbini walikipokea. Mashabiki walijigawa kati ya Msondo na Sikinde kwa ushabiki uliofanana na wa mpira wa miguu. Redio binafsi zilipoongezeka kuanzia mwaka 1994, na kompyuta ilipoingia studioni, kijana asiye na bendi aliweza kurekodi. Perullo (2011) ameeleza vyema jinsi mabadiliko hayo yalivyofungua ubunifu na ajira ambazo hazikuwapo. Lakini katika rekodi nyingi za aina hiyo kiitikio kilianza kuimbwa na mwimbaji yuleyule, sauti yake ikirudufiwa mara tatu au nne. Mwimbaji alianza kujiitikia.

Hili ndilo badiliko kubwa, na halitegemei mdundo ulitoka Lagos, Johannesburg au Tandale. Singeli, ambayo ni zao la uswahilini jijini Dar es Salaam na haina deni kubwa kwa mdundo wa nje, hupata nguvu yake pale vijana wanapomjibu msanii uwanjani. Kwa upande mwingine, wimbo unaweza kutumia ala za kiasili tupu na bado usiwe na wa kuujibu.

Wasanii wawili waliojihusisha na sura ya Mmaasai wanaonesha tofauti hiyo. Marehemu Mr. Ebbo, katika “Mi Mmasai”, alitumia Kiswahili chenye lafudhi ya Kimaasai kujenga mhusika anayejivunia asili yake na kuwashangaa watu wa mjini. Kejeli yake ilikuwa na akili, na iliwapa vijana wengi ujasiri wa kutoficha lafudhi zao. Hata hivyo, aliyeitwa kuitikia alikuwa msikilizaji wa mjini: ndiye aliyecheka, na ndiye aliyejifunza. Kundi la X Plastaz la Arusha, ambalo albamu yake ya Maasai Hip Hop ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani, Out Here Records, lilichukua njia tofauti. Liliufokafoka mtaa kwa Kiswahili, na likampa mwimbaji wa Kimaasai, Yamat ole Meipuko, nafasi ya kuimba kwa namna yake. Katika nyakati zake bora, sauti ya Kimaa haipambi mdundo: inawajibu wanaofoka, nao wanalazimika kuipisha. Udhaifu wa jaribio hilo ni kwamba sauti moja imebebeshwa kazi ya kundi zima. Olaranyani ameingia studio, lakini waitikiaji wake wamebaki nje.

6.0 Hoja Pinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba kuitikia hakujatoweka, kumehama. Mtu anayetembea Karatu siku ya Jumapili atasikia kwaya za Kilutheri, Kikatoliki na Kipentekoste zikiitikiana, na vijana wakijifunza sauti nne kwa bidii kubwa. Hoja hii ni ya kweli na inapaswa kukubaliwa. Pengine kwaya ndiyo taasisi ya muziki yenye waitikiaji wengi zaidi katika eneo zima, na uhakiki wetu umeipuuza kwa kuiona kuwa ya kanisa tu. Ukomo wake ni kwamba mwitiko wa kwaya hufanyiwa mazoezi na kuandikwa, hasa kwa Kiswahili, ilhali mwitiko wa slufay humtaka mtu aifahamu lugha na ardhi inayotajwa kiasi cha kujibu bila mazoezi. Kimoja hakiwezi kuhesabiwa badala ya kingine.

Hoja ya pili ni kwamba kuhifadhi kumbukumbu kunatosha: tukirekodi sasa, vizazi vijavyo vitajifunza. Kumbukumbu za sauti zina thamani, na hifadhi ya kanda za iliyokuwa Radio Tanzania ni hazina inayostahili kulindwa. Lakini kosa langu la unukuzi linaonesha kinachoweza kutokea. Kanda iliyorekodiwa kwa kumwelekea fanani humfunza kijana kusema, haimfunzi kuitikia. Tunaweza kuwa na maktaba iliyojaa slufay na tusiwe na watu watano wanaojua pa kuingia.

7.0 Hitimisho

Makala yamedai kwamba muziki wa nyumbani haufi kwa kuazima mdundo, na haupони kwa kuurudisha mdundo wa zamani. Hupungua pale idadi ya wanaojua kuitikia inapopungua. Kwa kipimo hicho, dansi imepoteza kumbi zake, sehemu kubwa ya Bongo Fleva imemfanya mwimbaji ajiitikie, na boma za utamaduni zimepata watazamaji bila kupata waitikiaji. Kwa kipimo hichohicho, kwaya na singeli ziko hai, na epeme, ambayo taifa halijawahi kuisikia, huenda ina uhai kuliko nyimbo nyingi zinazovuma.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, watafiti wa fasihi simulizi na muziki wamrekodi na kumnukuu mwitikiaji kwa uzito uleule wanaompa fanani. Nakala za slufay zitakazowasilishwa pamoja na tasnifu yangu zimenukuliwa upya kwa msingi huo, na ile ya kwanza nimeiambatisha kama ilivyokuwa, ili kosa lionekane. Pili, mafunzo ya sanaa shuleni, ambayo huwapa tuzo waimbaji viongozi, yawafundishe wanafunzi kuitikia katika lugha za maeneo yao. Tatu, redio za jamii katika wilaya kama Karatu na Ngorongoro ziruhusiwe kutenga saa za muziki na kauli kwa lugha za wasikilizaji wao. Umoja wa taifa hautapungua kwa mzee wa Rhotia kujibiwa na jirani zake hewani.

Mjadala wa kutafuta mdundo wa taifa utaendelea. Kabla ya kuukubali mdundo wowote utakaopendekezwa, inafaa tuupige mbele ya watu na kunyamaza kidogo, tusikilize kama kuna anayejibu.